Msukumo wa Bure: Vinyunyizio vya Ukoka na Historia ya Maji Kasulu na Kibondo

Kuunganishwa kwa Kasulu na Kibondo katika gridi ya Taifa mwaka 2022, na kuzimwa kwa majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiiwashia miji hiyo taa, kumeufufua mjadala ambao kwa miaka mingi ulionekana kuwa anasa, yaani namna ya kuvitunza viwanja vya michezo, bustani za hospitali na nyua za shule katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ambapo ukoka wa nyanda za juu za Kigoma hukauka na udongo mwekundu kugeuka vumbi. Mfumo wa kumwagilia unaojiendesha wenyewe huhitaji vitu vitatu: maji yenye msukumo, mabomba ya kuyafikisha, na saa ya kuyafungulia na kuyafungia. Umeme umeileta saa. Msukumo ulikuwapo tangu zamani, na sababu za kutotumika kwake ni sehemu ya historia ya Buha, yaani nchi ya Waha, yenyewe.

Asili ya mtambo huu haina utata mwingi. Joseph Lessler wa Buffalo, nchini Marekani, hutajwa kuwa mtu wa kwanza kupewa hataza ya kinyunyizio cha bustani, mwaka 1871. Mwaka 1933 Orton Englehart, mkulima wa Glendora huko California, alibuni kinyunyizio chenye mkono wa chuma unaopigwa na maji na kurudishwa na springi, kila pigo likikisogeza kichwa kidogo hadi kimalize duara, na haki zake zikanunuliwa na jirani yake, Clem LaFetra, ambaye pamoja na mkewe Mary walianzisha kampuni ya Rain Bird. Mwaka 1952 Edwin Hunter, naye wa California, aliingiza sokoni saa ya kumwagilia iliyoruhusu vali, yaani milango midogo ya maji iliyofukiwa ardhini, kufunguka na kufunga bila mkono wa mtu. Afrika Mashariki teknolojia hii ilipata makao katika mashamba makubwa, hususan ya miwa, kama yale ya Kilombero na Kagera, na karibu kila mara kwa nguvu ya pampu.

Katika nyanda za juu za Kigoma pampu si lazima. Ziwa Tanganyika liko katika mwinuko wa mita 770 hivi, ilhali Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya vilima na mabonde ambayo vijito vyake humwaga maji kuelekea Mto Malagarasi. Kila mita 10 za mteremko huyapa maji msukumo wa baa moja, na vinyunyizio vingi vya aina ya Englehart hufanya kazi vizuri kati ya baa mbili na nne, kwa hiyo chemchemi iliyo mita 30 au 40 juu ya kiwanja inatosha kukimwagilia, mradi bomba liwe pana kiasi cha kutoupoteza msukumo huo njiani kwa msuguano.

Swali linalofuata ni kwa nini, katika nchi yenye zawadi hiyo, makazi mengi yamejipanga mbali na vyanzo vyake, na jibu lake limo katika uhamisho wa watu uliofanyika mara mbili katika karne moja. Uhamisho wa kwanza ulitokana na malale, maradhi ya usingizi yanayoenezwa na mbung'o, ambayo katika miaka ya 1930 yaliifanya serikali ya Mwingereza kuwakusanya Waha katika makazi ya pamoja, na mapori yaliyobaki nyuma yakaachiwa mbung'o na wanyama. Wa pili ulikuwa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, miongoni mwa za mwanzo za aina yake nchini, iliyotangulia agizo la Mwalimu Nyerere la Novemba 1973 kwamba wananchi wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Familia zilizoishi zimetawanyika kwenye miinuko, kila moja karibu na shamba na kijito chake, zilishushwa hadi kandokando ya barabara, ambako shule na zahanati zilikuwa rahisi kujengwa.

Uhamisho huo ulizusha ubishi mkali miongoni mwa wanazuoni. Helge Kjekshus, msomi kutoka Norwei aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu mwaka 1977 akidai kwamba kabla ya miaka ya 1890 wakazi wa bara la Tanganyika walikuwa wameyatawala mazingira yao, wakiwadhibiti mbung'o kwa kulima, kufuga na kuchoma nyika, na kwamba ni sotoka ya ng'ombe, vita vya ukoloni na kukusanywa kwa watu vilivyoupa msitu ushindi. Mwaka huohuo, katika makala juu ya sera ya vijiji, alihoji pia athari za kimazingira za kuhamisha watu kwa pupa. Wapinzani wake walimwona ameipaka rangi Afrika ya kale, na Juhani Koponen wa Ufini, katika utafiti wake wa mwaka 1988, alikataa picha ya ushenzi na picha ya neema kwa pamoja, akionyesha kwamba njaa na magonjwa vilikuwapo hata kabla ya wakoloni. Onyo la Koponen ni la haki kuhusu karne ya 19. Kuhusu vilima vya Kasulu, hata hivyo, hoja ya Kjekshus ina uzito ambao wapangaji wa vijiji hawakuutilia maanani, kwa kuwa barabara ilichorwa kwanza na maji yakafuata.

Yalifuata kwa kuchelewa. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imezindua mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wote wa vijijini maji safi, na mikoa ya Rukwa na Kigoma iliandaliwa mpango kabambe wa maji kwa msaada wa Norwei. Baadaye zilikuja kambi za wakimbizi zilizohitaji maji nazo, ikiwemo Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, na hivi karibuni mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India, ambao Kasulu ni mmojawapo wa miji yake.

Kwa anayetaka kuutumia msukumo huo leo, usanifu wa kinyunyizio huanza na ndoo. Fundi hupima muda wa kuijaza ndoo ya lita 20; ikijaa kwa sekunde 40, chanzo kinatoa lita 30 kwa dakika, na hesabu hiyo ndiyo huamua idadi ya vichwa vinavyoweza kufunguliwa kwa pamoja, hivyo kiwanja hugawanywa katika kanda, kila moja na vali yake na zamu yake katika saa. Vichwa hupangwa ili maji ya kimoja yafike kwenye shina la kingine, la sivyo mabaka makavu hubaki katikati. Mabomba hufukiwa kina kisichofikiwa na jembe, na palipo na mteremko na udongo mzito zamu huwa fupi na za kurudiarudia, ili maji yanywewe kabla hayajatiririka.

Kiwanja cha mpira chenye mita 105 kwa 68 kikipewa milimita 5 za maji kwa siku hutumia takriban lita 35,700, sawa na ndoo 1,785. Hapo ndipo penye kero ya kweli, maana si rahisi kumweleza mama aliyepanga foleni ya bomba kwamba nyasi zinakunywa kiasi hicho. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayatanguliza mahitaji ya binadamu, na anayetaka kuchepusha kijito kwa ajili ya kiwanja lazima apate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma. Mfumo unaoweza kukubalika katika miji hii, kwa hiyo, ni ule wenye tangi mlimani linalojazwa usiku mabomba ya majumbani yanapopumzika, na saa inayofungua vali alfajiri, kabla ya jua na upepo kuyapeperusha maji.