Leseni ya rubani

Leseni ya rubani ni hati rasmi inayomruhusu mtu kurusha ndege. Nchini Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kwa kufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vilivyotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944.

Masharti

Kwa viwango vya ICAO, leseni ya rubani binafsi inahitaji umri wa miaka 17, cheti cha afya, mitihani ya nadharia na saa zisizopungua 40 angani (35 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa). Mwenye leseni hiyo hapokei malipo kwa kurusha ndege. Anayetaka kulipwa anahitaji leseni ya biashara. Mwanafunzi anaweza kuruka peke yake kabla ya kupata leseni, lakini kwa idhini ya mkufunzi wake na bila abiria.

Hatari

Kuiondoa ndege ndogo ardhini si kazi ngumu sana, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya saba, na mchana wa joto huwa nyepesi zaidi. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa hayainui vizuri, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka. Aliyesoma hupiga hesabu ya uzito, joto na urefu wa kiwanja kabla ya kuwasha injini. Asiyesoma hugundua mwisho wa kiwanja umefika. Tena kuna ndege wa majini, wakiwemo heroe wa Ziwa Singidani, ambao wanaweza kugongana na chombo.

Mawingu ni hatari kubwa zaidi. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kuruka kwa kutegemea vipimo pekee. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178, kwa sababu sikio la ndani humdanganya mtu asiyeona upeo wa macho.

Maadili

Wapo wanaodai kwamba anayeruka peke yake anahatarisha maisha yake tu. Hoja hiyo ni dhaifu: ndege huanguka juu ya nyumba na mashamba ya watu, na waokoaji nao huhatarika. Abiria ndiye mwenye haki zaidi ya kulalamika, maana hana njia ya kupima ujuzi wa aliyeshika usukani.

Kesi ya mwaka 2010 huleta mjadala. Rubani raia wa Sweden alikamatwa Amsterdam baada ya kurusha ndege za abiria kwa takriban miaka 13 bila leseni halali, na hakuwahi kupata ajali. Hata hivyo, katika miaka hiyo abiria wake hawakupewa nafasi ya kuamua.

Kenya na Tanzania zina mafundi waliojaribu kuunda ndege zao wenyewe. Ubunifu huo unastahili kusaidiwa, lakini chombo chenyewe huhitaji kukaguliwa na kupata cheti cha kuruka, hata kama anayekirusha ana leseni.