Mtoto wa mkono wa kushoto akikawia kusema

Mavivi, kama fasi nyingi za hapa Beni, mtoto akishika bugali na mkono wa kushoto anaambiwa: « Geuza mkono! » Na kama anakawia kusema, mkono ndio unabeba kosa. Ni kuuonea bure.

Mwaka 1861, kule Paris, muganga Paul Broca alipima ubongo wa marehemu aliyekuwa anasema « tan » tu. Aliona kidonda upande wa kushoto, upande unaoongoza mkono wa kuume. Ndiyo maana watu walifikiri wenye kutumia kushoto wana usemi uliogeuka. Lakini karibu 7 kati ya 10 wana usemi upande uleule wa kushoto, kama wengine.

Mkono unajulikana vizuri kati ya miaka 2 na 4. Wa kuangalia sana ni mtoto asiyefikisha mwaka, anayetumia mkono mmoja tu, mwingine umelegea ao umekunja ngumi. Apelekwe kituo cha afya mapema. Vilevile mwenye miaka 2 asiyeunga maneno mawili (Kinande ao Kiswahili, yote yanahesabiwa): kwanza wampime masikio.