Viambajengo vya Risasi ya Marisau na Udhibiti wa Uwindaji: Mtazamo kutoka Nyamuswa, Mkoa wa Mara

Katika historia ya uwindaji magharibi mwa Serengeti, silaha hutajwa mara nyingi, ilhali kinachotiwa ndani yake husahauliwa. Makala haya yanajadili kwamba muundo wa risasi ya marisau uliipa dola uwezo mpya wa kuamua nani awinde.

Nyamuswa imo katika nchi ya Waikizu, watu waliochanganya kilimo, ufugaji na uwindaji. Silaha yao ya jadi ilikuwa upinde na mshale wenye sumu. Upote, unyoya, kigumba na sumu iliyochemshwa vilipatikana porini, nyumbani au kwa mhunzi.

Gobore nalo lilimwachia mwindaji sehemu ya uhuru huo. Baruti nyeusi ilimiminwa mtutuni, ikashindiliwa kwa mdeki pamoja na kitambaa, kisha yakafuata marisau au vipande vya chuma. Aliyekosa kimoja alitafuta mbadala. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliitambua tofauti hiyo: kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa kuwafikia wenyeji, lakini magumegume na baruti ya kawaida viliweza kuruhusiwa kwa masharti.

Risasi ya marisau, kwa upande wake, huunganisha vitu vitano: ganda lenye kitako cha chuma, fataki, baruti, kizibo na marisau yenyewe. Pini ya bunduki hugonga fataki. Fataki huwasha baruti. Gesi husukuma kizibo, nacho husukuma marisau. Fataki na baruti isiyotoa moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884, huhitaji kiwanda na kemia. Mhunzi huweza kuiga mtutu, lakini fataki haifuliwi kwa mvukuto.

Kwa mantiki hiyo, mwenye bunduki alilazimika kurudi dukani, na duka lilisimamiwa na serikali. Kanuni za uwindaji za Wajerumani za mwaka 1896 zilidai leseni. Sheria ya mwaka 2015 inataja risasi sambamba na silaha katika jina lake lenyewe. Hata ganda tupu huendelea kutoa ushahidi: alama ya pini hubaki kwenye fataki, ilhali marisau yaliyopita katika mtutu usio na mifereji hayabebi alama ya namna hiyo.

Mshale haukupitia dukani. Kwa sababu hiyo, udhibiti wake ulitegemea mipaka na doria, hususan baada ya Serengeti kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Inadhihirika, basi, kwamba dola ilidhibiti bunduki kupitia risasi yake, bali mpinda upinde ilimdhibiti kupitia ardhi aliyoikanyaga. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini mzigo wa sheria za wanyamapori uliwaelemea zaidi wale ambao silaha zao zilikuwa duni.