Makumbusho Yanayonyweshwa Maji

Sheria za karantini za Marekani hazimwangalii mgeni usoni. Mwaka 1975 Wajapani walipowapelekea Wamarekani miti 53 ya bonsai, yaani miti inayotunzwa midogo ndani ya chungu, na mawe 6 ya mapambo, zawadi ya kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani, miti hiyo haikupokewa kwa hotuba wala tarumbeta. Ilipelekwa Glenn Dale, katika jimbo la Maryland, ikatengwa mwaka mzima huku wataalamu wakiikagua jani kwa jani kutafuta wadudu na magonjwa. Miongoni mwake ulikuwamo msonobari mwekundu kutoka kwenye hazina ya familia ya Mfalme wa Japani, na mingine miwili iliyotolewa na watu wa ukoo huohuo. Nayo ikakaa karantini pamoja na wenzake.

Julai 1976 zawadi hiyo ilikabidhiwa rasmi katika Bustani ya Miti ya Taifa ya Marekani, kaskazini-mashariki mwa jiji la Washington. Aliyelisukuma jambo hilo kwa miaka ni John Creech, mkurugenzi wa bustani hiyo, mtaalamu wa mimea aliyekuwa ameizunguka Japani akitafuta mbegu na miche. Kutokana na miti ile 53 kukazaliwa makumbusho ambayo leo yanaitwa Makumbusho ya Taifa ya Bonsai na Penjing. Yako chini ya Wizara ya Kilimo, na mgeni haingii kwa kiingilio.

Makumbusho mengine yakifungwa kwa sikukuu, mlinzi huzima taa, hufunga mlango, na kinyago cha Kimakonde hubaki vilevile mpaka keshokutwa. Huku hapana ruhusa hiyo. Vyungu vingi vya bonsai vina kina cha sentimita chache tu, udongo wake ni wa chembechembe usioshika maji kwa muda mrefu, na siku ya jua kali la Julai hukauka kabla jioni haijafika. Lazima mtu aje na maji, iwe Jumapili, iwe sikukuu. Mti ukisahaulika siku chache za kiangazi, kazi ya miaka 300 imekwisha, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Kwa hiyo mwenye kutaka kuijua historia ya bonsai asiishie kuuliza nani aliutengeneza mti huu. Aulize pia uliwahi kuwa mikononi mwa nani, na siku ya vita au tetemeko nani alibaki kuumwagilia.

Asili ya sanaa hii ni China. Katika kaburi la Zhanghuai, mwana wa mfalme wa nasaba ya Tang, kuna michoro ya ukutani ya mwaka 706 inayoonyesha watumishi wamebeba sinia zenye mawe na mimea midogo. Wachina waliendelea kutengeneza mandhari ya mlima, maji na miti ndani ya chombo kimoja, na sanaa yao hiyo, penjing, ingali hai. Wajapani waliichukua, wakaipunguza mapambo, na baada ya karne nyingi wakafika mahali ambapo mti mmoja peke yake, katika chungu kisicho na makeke, unatosha. Hati ya picha ya Kijapani ya mwaka 1309 inaonyesha tayari vyombo vya miti midogo vimepangwa kwenye ua wa tajiri. Katika karne ya 17 mapenzi hayo yalifika juu kabisa: Tokugawa Iemitsu, shogun wa tatu wa ukoo wake, alikuwa mpenzi mkubwa wa miti ya chunguni, na msonobari unaohusishwa naye ungali unatunzwa katika kasri la Mfalme mjini Tokyo. Ukoo wa mashogun uliondoka madarakani mwaka 1868. Msonobari haukuondoka.

Hapa ndipo tetemeko linapoingia. Tarehe 1 Septemba 1923 ardhi ilitikisika Tokyo na Yokohama, moto ukafuata, watu zaidi ya 100,000 wakafa. Mafundi wa bonsai waliokuwa wakiishi na kuuza miti yao katikati ya jiji walitafuta mahali penye nafasi, maji safi na udongo mzuri, wakahamia Omiya, kaskazini mwa Tokyo. Kufikia mwaka 1925 walikuwa wameanzisha kijiji chao, na muda si mrefu wakajiwekea masharti ambayo hata leo yanafurahisha kuyasoma: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, asijenge nyumba ya ghorofa, uzio wake uwe wa mimea, na lango lake liwe wazi kwa yeyote anayetaka kuingia kutazama. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Miti iliyokuwa ikifichwa nyuma ya kuta za wakubwa sasa mpita njia aliweza kuitazama bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1934 yakaanza Tokyo maonyesho makubwa ya kila mwaka, Kokufu-ten, katika jumba la sanaa la umma huko Ueno. Bonsai ikapata nafasi penye uchoraji na uchongaji.

Vita Kuu ya Pili ikakaribia kuvunja yote. Vijana wa kumwagilia walichukuliwa jeshini, chakula kikawa haba, na kumiliki mti wa mapambo kukaonekana anasa isiyofaa wakati wa shida. Vitalu vingi vya Omiya vilifungwa. Baada ya vita waliokuja kubisha hodi ni wageni, wakiwamo askari na maofisa wa Kimarekani waliokuwa wakiitawala Japani kwa muda, na baadhi yao walirudi kwao na ujuzi wa kupogoa. Leo vitalu vilivyobaki kijijini hapo vinahesabika kwa vidole, lakini mwaka 2010 jiji la Saitama lilifungua Makumbusho ya Sanaa ya Bonsai ya Omiya, jirani kabisa na kijiji.

Marekani nayo ilikuwa na mkusanyiko wa zamani kuliko huo wa Washington. Larz Anderson, aliyekuwa balozi nchini Japani, alinunua bonsai kadhaa huko mwaka 1913 na kuzipeleka nyumbani kwake Massachusetts. Alipofariki mwaka 1937, mkewe Isabel alitoa 30 kati yake kwa Bustani ya Miti ya Arnold ya Chuo Kikuu cha Harvard. Yaliyofuata ni funzo chungu: mti wa kigeni unaweza kununuliwa kwa siku moja, lakini ujuzi wa kuutunza hausafiri kwenye sanduku lilelile. Miaka ya mwanzo baadhi ilikufa. Iliyobaki hulazwa wakati wa baridi katika chumba chenye ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri, isigande mizizi na isidanganyike kuchipua mapema.

Washington walikuwa na bahati ya kumpata John Yoshio Naka. Alizaliwa Colorado mwaka 1914, akapelekwa Japani akiwa mtoto, na huko babu yake akamfundisha kuitazama miti. Alirejea Marekani mwaka 1935. Baada ya vita alihamia Los Angeles, akawa mwalimu ambaye wanafunzi wake walitoka kila bara. Kazi yake mashuhuri inaitwa Goshin, kijisitu cha juniperi, ndugu wa mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya. Alianza mwaka 1948 na miti miwili tu. Baadaye akawa anaongeza mti kwa kila mjukuu, mpaka ikatimia 11. Ukisimama mbele yake unaona mashina yaliyonyooka, marefu katikati na mafupi pembeni, urefu wake umezidi mita moja. Kadhaa yana vilele vilivyokauka na kuwa vyeupe. Udongo umefunikwa kuvumwani ya kijani kibichi, na katikati ya mashina kuna uwazi mwembamba unaolivuta jicho kwenda ndani, kama kwamba upo mwisho wa njia usioonekana. Naka aliutoa msitu huo kwa taifa mwaka 1984. Banda la miti ya Amerika Kaskazini likapewa jina lake mwaka 1990, naye akafariki mwaka 2004.

Miaka miwili baada ya Goshin kutolewa, Yee-sun Wu wa Hong Kong aliyapa makumbusho ya Washington penjing za mkusanyiko wake, na hivyo China, yenye mizizi ya sanaa yote hii, nayo ikapata banda.

Mgeni asiyezoea huja na dhana mbili, na zote mbili si kweli. Ya kwanza ni kwamba hii ni mbegu maalumu ya miti midogo. Hapana. Chukua mbegu ya msonobari wa chunguni, uipande ardhini, na wajukuu zako watapanda juu yake. Ya pili ni kwamba mti umedumazwa kwa njaa. Mti wenye njaa hauishi karne tatu. Bonsai hulishwa mbolea, humwagiliwa na huota jua kwa mpango. Udogo wake hutokana na kupogolewa matawi na, kila baada ya miaka kadhaa, kutolewa chunguni, kukatwa sehemu ya mizizi na kurudishwa na udongo mpya, ili mizizi midogo inyonyayo maji ichipue upya karibu na shina. Umbo nalo ni kazi ya waya wa shaba au wa aluminiamu. Waya huzungushwa tawini, tawi likapindwa taratibu na kuachwa miezi. Fundi anayechelewa kuutoa hukuta umeuma gome, na kovu lake huchukua miaka kupotea.

Kuitazama kuna utaratibu pia, na watu wengi huikosea kwa kusimama wima na kuangalia chini. Inama, macho yalingane na katikati ya shina. Anza na mizizi inapoonekana juu ya udongo: inashika pande zote, au mti unaelekea kuanguka? Panda na shina. Halafu angalia sehemu zilizokufa zilizoachwa makusudi, ambazo hupakwa mchanganyiko wa chokaa na salfa ili zisioze na zibaki nyeupe, zikipita bega kwa bega na mshipa hai wa gome la kahawia. Sehemu hizo ndizo zinazonasa macho ya wengi, ingawa wapo mafundi wanaoziona zimezidi siku hizi. Mwandishi huyu yuko upande wao.

Mti unaotafutwa na wageni wengi zaidi ni msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, ambao umekuwa ukitunzwa tangu mwaka 1625. Shina lake ni nene, na majani yake ya sindano yametandazwa juu kama mwavuli. Masaru Yamaki aliutoa ukiwa mmojawapo wa ile 53. Kitalu chake kilikuwa Hiroshima. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 kwa hesabu yetu ya Kiswahili, bomu la atomiki lililipuka kiasi cha kilomita 3 kutoka hapo. Vioo vya nyumba vilipasuka na kuwajeruhi waliokuwamo ndani, lakini ukuta mrefu wa kitalu ulikinga miti. Yamaki hakuifanya habari hiyo kuwa sehemu ya zawadi. Simulizi hiyo ilianza kujulikana sana mwaka 2001, wajukuu wake wawili walipofika Washington kuuona mti wa babu yao na kuwaeleza waangalizi yaliyotokea.

Vita hivyohivyo vimeacha alama yake upande wa pili wa Marekani, katika Makumbusho ya Bonsai ya Pasifiki, karibu na Seattle. Kuna msonobari mweusi ulioanzishwa kwa mbegu ndani ya kopo la bati na Mmarekani wa asili ya Kijapani akiwa kizuizini, wakati serikali yake ilipowafungia kambini watu wa asili hiyo wapatao 120,000. Februari 2020 wezi waliuiba pamoja na mti mwingine usiku. Tangazo la makumbusho halikuzungumzia thamani tu, bali pia kwamba miti hiyo ingekufa isipopata uangalizi. Siku mbili hivi baadaye mlinzi aliikuta yote miwili imewekwa kwenye njia ya kuingilia makumbusho, na tangu hapo hakuna aliyejitokeza kudai shukrani.

Afrika nayo imeanza kuchangia maumbo. Mafundi wa Afrika Kusini hawakuridhika kuiga msonobari wa mlimani usiojulikana kwao, wakabuni umbo la mbuyu, lenye shina nono na matawi mafupi yaliyotawanyika, na umbo la mgunga wenye kilele bapa wa nyika. Kwa msomaji wa Dodoma au Kitui hayo ni maumbo ya kila siku, na faida yake ni kwamba mbuyu hauhitaji chumba cha baridi. Washington ndiko ungeleta taabu: huko miti ya nchi za joto ina nyumba yake ya vioo ndani ya makumbusho, iliyojengwa mwaka 1993, ambamo mitini hukaa majira ya baridi yote ikipashwa joto wakati theluji imefunika mabanda ya nje.