Miaka Kumi na Saba Chini ya Ngazi

Vitabu vya historia hupenda washindi. Huandika jina la mfalme aliyeteka mji, wala haviandiki jina la mtu aliyeujenga upya baada ya kutekwa. Kadhalika habari za mpira wa miguu hujaa majina ya mabingwa na hesabu za vikombe, lakini timu iliyoanguka hupewa mstari mmoja tu, kisha ukurasa hufunuliwa. Katika insha hii tutafanya kinyume cha desturi hiyo. Tutaitazama timu ambayo haijapata kuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya, nayo ni Shabana ya Kisii. Na katika maisha yake tutaitazama hasa ile miaka 17 iliyokaa katika ligi za chini, mbali na macho ya watu wengi. Huenda tukaona kwamba mtu aliye chini ana mafunzo ambayo aliye juu hawezi kuyatoa.

Kwanza yatupasa kufahamu maana ya kupanda na kushuka. Ligi ya kwanza ya mpira duniani ilianzishwa Uingereza mwaka 1888, ikiwa na timu 12. Mwaka 1892 iliongezwa daraja la pili, na kuanzia mwaka 1898 ikawa sheria kwamba timu zilizo mkiani katika daraja la juu zishuke, na zilizo mbele katika daraja la chini zipande. Sheria hiyo ndiyo roho ya ligi. Kwayo tajiri hana kiti cha kurithi, na maskini hana mlango uliofungwa milele. Ni ngazi isimamayo daima, na juu yake wengine hupanda huku wengine wakishuka.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars. Mwaka 1965 ubingwa ulikwenda Mombasa, kwa timu ya Feisal. Leo kijana akiulizwa habari za Feisal huenda akadhani ni jina la mtu, si la timu. Hivi ndivyo ngazi ile inavyofanya kazi: haimheshimu mtu kwa sababu ya jana yake.

Sasa na tuelekee Gusii. Nchi hii ni ya milima ya kijani kibichi, yenye mvua nyingi na ardhi yenye rutuba, na watu wake wamekaa karibu karibu kama migomba shambani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira watu 605,576. Kisii wanajulikana kwa ndizi zao na kwa mawe laini ya Tabaka ambayo huchongwa vinyago. Nyamira wanajulikana kwa majani ya chai. Zamani wilaya ilikuwa moja, na ingawa leo kaunti ni mbili, lugha ni moja na ukoo ni mmoja. Mpaka wenyewe hupita katika mji wa Keroka, hata mtu aweza kununua sukari katika kaunti moja na chumvi katika nyingine pasipo kuchoka miguu.

Mpira uliingia katika milima hii kama ulivyoingia mahali pengi pa Afrika ya Mashariki, yaani kwa njia ya misheni na shule. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Mwaka 1934 serikali ilifungua shule ya wavulana mjini Kisii. Palipo na shule pana uwanja, na palipo na uwanja pana mpira. Vijana waliokosa mpira wa ngozi walifunga majani makavu ya migomba kwa kamba, wakacheza peku mpaka giza likawatenganisha.

Hata hivyo, kwa miaka mingi Gusii haikuwa na timu ya kutikisa nchi. Timu kubwa za wakati ule zilikuwa zimefungamana na makabila mengine: Luo Union, Gor Mahia na Abaluhya. Mnamo mwaka 1980 serikali ilitaka majina ya kikabila yaondolewe katika michezo. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Luo Union ikaitwa Reunion. Ikawa katika mwaka huo huo wa 1980 timu mpya ilizaliwa mjini Kisii, nayo haikupewa jina la kabila wala la ukoo. Ilipewa jina la duka. Duka hilo liliuza vifaa vya ujenzi, liliitwa Shabana, na mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aitwaye Dogo Khan.

Tafakari jambo hili, msomaji. Mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia alitoa jina la duka lake, na Wagusii wakalipokea, wakalibeba mabegani, wakaliimba barabarani, mpaka likawa lao kuliko lilivyokuwa la mwenye duka. Mtoto aliyezaliwa Nyansiongo, ambaye hakupata kuingia katika duka lile hata siku moja, alisema "Shabana yetu" kama asemavyo "mama yetu". Jina halikutoka katika damu yao. Walilifanya lao kwa kulipenda.

Katika miaka ya 1980 Shabana ilipanda hadi ligi kuu, ikawa timu ya kuogopwa, hasa katika uwanja wake wa Gusii. Ilitoa wachezaji kama Henry Motego, mshambuliaji aliyeichezea pia timu ya taifa. Alipita hapo pia Mike Okoth, ambaye baadaye alikwenda kucheza Ubelgiji, na mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa nchi hiyo pamoja na timu ya Genk. Mwanawe, Divock Origi, aliichezea Ubelgiji katika Kombe la Dunia la mwaka 2014, na mwaka 2019 alitia bao katika fainali ya mabingwa wa Ulaya akiwa na Liverpool. Kwa hiyo njia iliyofika mbali hivyo iliwahi kupita katika vilima vya Kisii.

Lakini maji yakijaa hupwa. Mwaka 2006 Shabana ilishuka daraja. Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa mpira wa Kenya wote, kwa maana ugomvi wa viongozi ulikuwa umezidi, na mwezi wa Oktoba Shirikisho la Mpira la Dunia, lenye makao yake Zurich, nchini Uswisi, liliifungia Kenya isishiriki mashindano ya kimataifa. Wakubwa walipokuwa wakigombea viti, timu ya Kisii ilikuwa ikikusanya virago vyake kuelekea chini.

Maisha ya ligi ya chini ni maisha gani? Ni heri tuyaeleze, maana wengi hawayajui. Chukua ligi yenye timu 20, ambamo kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Kila timu yapaswa kucheza mara 38, na mara 19 yapaswa kusafiri. Kutoka Kisii mpaka Nairobi ni mwendo wa kilomita 300 na zaidi kidogo. Mpaka Mombasa ni kama kilomita 800. Basi lataka mafuta, wachezaji wataka chakula na malazi, na mwamuzi hamngoji aliyechelewa. Fedha za viingilio ni chache, wafadhili hupenda mahali penye kamera, na mchezaji hodari akionekana tu huchukuliwa na timu tajiri. Kocha hujenga ukuta, na kila mwaka hunyang'anywa matofali.

Katika hali hiyo timu nyingi hufa. Eldoret palikuwa na timu ya Rivatex, iliyokuwa ya kiwanda cha nguo. Mumias palikuwa na timu ya kiwanda cha sukari. Zote mbili zilitwaa kombe la taifa katika miaka ya 1990. Timu hizo zilikuwa na mishahara, uwanja na basi, mambo ambayo timu maskini huyaota usiku. Lakini viwanda vilipodhoofika, timu nazo zilinyauka. Zilikuwa kama mmea uliopandwa ndani ya chungu: chungu kilipopasuka, mizizi haikuwa na ardhi ya kushika.

Hapa ndipo palipo swali la insha hii. Shabana nayo ilizaliwa na biashara. Kwa nini basi haikufa pamoja na zile nyingine? Jawabu langu ni kwamba mizizi yake ilikuwa imekwisha toka katika chungu na kuingia ardhini. Ilikuwa imekoma kuwa timu ya duka na imekuwa timu ya watu. Wakati wa miaka ile 17, mashabiki hawakungoja ipande ndipo waipende. Walikwenda kuitazama ikicheza na timu ambazo majina yake hayakuandikwa magazetini. Wagusii waliohamia Nairobi kutafuta riziki waliifuata ilipokwenda kucheza huko, wakapaza sauti ya "Tore Bobe" mpaka wenyeji wakawa kama wageni katika uwanja wao. Mchuma chai wa Nyamira na mchonga mawe wa Tabaka walikaa jukwaa moja, na mvua ya alasiri ikawanyeshea pamoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kushuka alikua, akaingia shule ya sekondari, akaimaliza, naye hajapata kuiona timu ya baba yake katika ligi kuu. Hata hivyo alijiita shabiki wake. Mapenzi yanayorithiwa wakati wa ushindi si ajabu. Yanayorithiwa wakati wa unyonge ndiyo yenye uzito.

Msimu wa 2022/23 ulikuja baada ya msukosuko mwingine. Mwezi wa Februari 2022 Kenya ilifungiwa tena na shirikisho la dunia, baada ya serikali kuwaondoa viongozi wa mpira, nayo ikafunguliwa mwezi wa Novemba mwaka huo. Matokeo ya msimu uliotangulia yalifutwa, na timu zilizodhani zimekwisha panda zikaambiwa zirudi chini. Hebu fikiri uchungu wa kupanda mti, kushika tunda, kisha kuamriwa kushuka mikono mitupu! Kila timu ya daraja la pili iliingia katika msimu mpya ikijua kwamba jasho peke yake si ahadi.

Katika msimu huo Shabana ilifundishwa na kocha Sammy Okoth. Ilicheza mwendo wa msafiri mwenye njia ndefu, anayejua kwamba hafiki kwa kukimbia siku moja, bali kwa kutolala njiani. Mbio zake kubwa zilikuwa na Murang'a Seal, timu kutoka nchi ya Kati. Katikati ya mwaka 2023 hesabu zilifungwa: Shabana ilikuwa ya kwanza, Murang'a Seal ya pili, na zote mbili zikapanda. Mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita pia Getembe, ulijaa vuvuzela na honi. Wazee walioiona timu ikishuka walisimama na vijana ambao hawakupata kuiona ikiwa juu, na kwa siku moja umri wao ukawa sawa.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa mema. Katika msimu wa kwanza wa kurudi, 2023/24, ligi kuu iliipokea Shabana kwa makofi ya uso, wala si ya shangwe. Ilipoteza michezo mingi, ikakaa karibu na shimo lile lile ililotoka, na wenye kukata tamaa walianza kusema kwamba aliyezoea chini hawezi juu. Lakini ilinusurika, na msimu uliofuata ikawa miongoni mwa timu zilizopigania nafasi za mbele. Shule ya daraja la pili ilikuwa imeifunza kustahimili kipigo.

Wazee wa Gusii walijulikana zamani kwa uhunzi. Walifua majembe na mikuki kwa moto na nyundo. Nasi katika Kiswahili tuna methali isemayo: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Timu iliyopewa jina la duka la vyuma inafaa sana kuwa mfano wa methali hiyo. Koleo lilivunjika mwaka 2006, lakini wahunzi hawakuondoka karakanani. Walibaki, wakapuliza moto, mwaka hata mwaka, pasipo kujua ni lini chuma kitalainika.

Basi, kijana usomaye, utakapoitazama jedwali la ligi gazetini, usiishie kusoma majina yaliyo juu. Shusha jicho lako mpaka chini kabisa. Huko wamo watu wanaosafiri usiku kucha kwenda kucheza mbele ya watu mia mbili, na kesho yake wanarudi kazini. Hakuna awezaye kuahidi kwamba watapanda. Lakini wanapoamka na kufunga viatu vyao tena, wanashika ile ngazi isianguke. Na bila wao hata bingwa hangekuwa na mahali pa kusimama.