Maktaba bila vitabu: safari ya sheria ya nusu peni

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yenye kioja ndani yake. Miji iliruhusiwa kuanzisha maktaba za umma kwa kodi ya wakazi, lakini kodi hiyo haikuruhusiwa kununua hata kitabu kimoja. Jengo, samani na mshahara wa mkutubi, sawa. Vitabu vingoje wafadhili.

Aliyeubeba muswada huo bungeni ni William Ewart, akishirikiana na Joseph Brotherton, mbunge wa Salford. Nyuma yao alikuwapo Edward Edwards, aliyejifunza uashi ujanani kabla ya kuajiriwa British Museum. Mwaka 1849 Edwards aliiletea kamati ya Bunge takwimu za maktaba za Ulaya, akionyesha jinsi nchi yake ilivyoachwa nyuma.

Wapinzani walikuwapo. Wengi walilia na kodi. Kanali Sibthorp, mbunge wa Lincoln, hakuzunguka mbuyu: alisema yeye mwenyewe hapendi kusoma, na alikuchukia tangu akiwa Oxford.

Ili muswada upite, ulifungwa kamba kila upande. Ulihusu miji yenye watu zaidi ya 10,000 tu. Theluthi mbili ya walipakodi waliopiga kura walipaswa kuafiki. Na kodi yenyewe isizidi nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya nyumba. Mwenye nyumba iliyokadiriwa pauni 10 kwa mwaka alidaiwa peni 5, zama ambazo shilingi moja ilikuwa peni 12. Ugomvi wote ule ulikuwa wa kiasi hicho.

Manchester ilifungua maktaba yake Septemba 1852, Charles Dickens akiwa miongoni mwa wageni na Edwards akiwa mkutubi mkuu. Vitabu vilipatikana kwa michango, ikiwamo ya wafanyakazi wa viwandani.

Mwaka 1855 Bunge lilirekebisha kasoro: kodi ikapanda hadi peni moja, na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa. Peni hiyo ilibaki kikomo hadi 1919. Katikati akajitokeza tajiri Andrew Carnegie, aliyetoa fedha za majengo kwa sharti kwamba mji ubebe gharama za kila siku kwa kodi yake. Alijua jengo hujengwa mara moja, ila maktaba hulishwa kila mwaka.

Hata hivyo, mji usiotaka maktaba haukulazimishwa. Ni sheria ya 1964 iliyozifanya maktaba kuwa wajibu wa halmashauri za England na Wales.

Tanganyika, yenye uhuru wa miaka miwili tu, ilikuwa imeshatunga yake mwaka 1963. Haikuusubiri kila mji upige kura. Iliunda bodi moja ya kuendeleza maktaba nchi nzima. Tarehe 9 Desemba 1967, Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam.