Posta ya Hopkins na Hiari ya Kustaafu

Mji wa Hopkins, ulio magharibi ya Minneapolis katika jimbo la Minnesota, umepata jina lake kwa mtumishi wa posta, maana Harley Hopkins, mkuu wa kwanza wa posta mahali hapo, aliiruhusu reli kujenga stesheni katika ardhi yake kwa sharti kwamba stesheni hiyo iitwe kwa jina lake. Na ijapokuwa wenyeji walipoanzisha serikali ya kijiji mwaka 1893 walikiita West Minneapolis, jina la bwana yule liliendelea kusomwa na kila abiria aliyeshuka, hata mwaka 1928 wakaona hapana budi kulifuata. Zama za bwana huyo, mtumishi wa serikali kuu ya Marekani asiye askari hakuwa na pensheni. Makarani walizeeka mezani, kwani mkubwa wa ofisi aliona haya kumfukuza mzee asiye na akiba, na mzee mwenyewe hakuwa na pa kwenda.

Ndipo Rais Woodrow Wilson alipoitia sahihi sheria ya tarehe 22 Mei 1920, iliyoamuru kwamba watumishi walio wengi wastaafu wakitimiza miaka 70, makarani wa posta na wapeleka barua wakitimiza 65, na wale waliopanga barua ndani ya magari ya moshi wakitimiza 62, maadamu wametumikia miaka 15. Kila mmoja akakatwa asilimia 2.5 ya mshahara, na malipo ya uzeeni yakawa baina ya dola 180 na dola 720 kwa mwaka. Aghalabu sheria hii husifiwa kwa huruma yake, na huruma ilikuwamo. Lakini mimi naona ilikuwa pia ufagio, maana serikali ilitaka viti vyake.

Kwetu Afrika Mashariki, hiari ya kuondoka mapema na fungu la fedha mkononi walianza kupewa Waingereza. Uhuru ulipokaribia, maafisa wa kikoloni waliwekewa fidia kwa kukatizwa utumishi wao, iliyopimwa kwa umri na mshahara, na nchi zetu changa zikalazimika kukopa kwa Uingereza ili zilipe sehemu ya gharama hiyo. Kinyongo kilichozaliwa hapo hakikukawia kuonekana: mwaka 1968 Tanzania ilikataa kuendelea kulipa pensheni za maafisa hao kwa utumishi wao wa kabla ya uhuru, na Uingereza ikajibu kwa kukata misaada.

Lililowaumiza watu wetu wenyewe lilikuja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Reli, bandari, ndege, na shirika la Posta na Simu ambalo makao yake makuu yalikuwa Kampala, yote yalikuwa na watumishi waliokatwa mishahara yao mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya uzee, na ghafla mwajiri aliyeshika amana hiyo hakuwapo tena duniani. Mapatano ya kugawana mali na madeni hayakutiwa sahihi ila mwaka 1984, na kila serikali ikajitwika haki za raia wake. Hata hivyo wazee wa Tanzania walikuwa wangali mahakamani na barabarani wakidai miaka ya 2000, wengine wakiwa wamekwisha kufa na madai yao kurithiwa na wajane. Nyumba nyingi za Tanga, Tabora na Dar es Salaam zililelewa katika habari hiyo. Kisha ikaja miaka ya 1990, wafadhili wakataka serikali zipunguze watumishi, na Kenya ikaanzisha mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, ulioelekezwa hasa kwa watumishi wa ngazi za chini. Makumi ya maelfu wakachukua kiinua mgongo wakaenda makwao, na kama zilivyo fedha za mkupuo, wako walionunua shamba na wako walionunua matatu.

Basi si ajabu kwamba Mwafrika Mashariki wa hapa Minnesota, aletewapo barua ya kustaafu mapema, huulizwa kwanza na nduguze kama serikali hiyo italipa kweli, na kushauriwa achukue kilichopo, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka. Ushauri huo una asili tukufu, lakini naushuku. Pensheni iliyoasisiwa mwaka 1920, pamoja na ile ya mfumo mpya ulioanza mwaka 1987, imepitia mdororo mkuu wa uchumi na vita bila kukosa kulipwa. Khofu ya hapa ni kwamba italipwa kama ilivyoandikwa, nayo imeandikwa ndogo.

Na tutazame fungu lenyewe. Mwaka 1994 serikali ya Rais Clinton, ikitaka kuondoa nafasi 272,900, iliruhusiwa kumpa mtumishi akubaliye kuondoka hadi dola 25,000. Kwa idara nyingi zisizo za ulinzi kikomo hicho ni kile kile leo, ilhali bei za vitu zimezidi maradufu. Mwezi Januari 2025 watumishi wa serikali kuu waliandikiwa kwamba anayejiuzulu atalipwa mshahara hadi mwisho wa Septemba, na takriban 75,000 wakaitikia katika awamu ya kwanza. Posta haikuwamo katika wito huo. Yenyewe iliwaahidi makarani na wachukuzi wa mizigo yake dola 15,000, kwa aliyetimiza miaka 50 na utumishi wa miaka 20, au utumishi wa miaka 25 kwa umri wowote.

Tumchukue karani wa umri wa miaka 52, mwenye utumishi wa miaka 22, ambaye wastani wa mshahara wake wa miaka mitatu ya juu ni dola 70,000. Hesabu ni asilimia moja kwa kila mwaka: dola 15,400 kwa mwaka, kabla ya kodi na bima ya afya, ambayo ataendelea nayo ikiwa amekuwa nayo miaka 5 mfululizo. Nyongeza ya kuziba pengo la malipo ya uzeeni ya taifa haianzi mpaka afikishe 57. Marekebisho ya kufuata kupanda kwa bei hayaanzi mpaka 62, maana yake kwa miaka kumi dola zake zitasimama na kodi ya nyumba itatembea. Akiba yake ya kazini, akiigusa kabla ya wakati, kwa kawaida itatozwa faini ya asilimia 10. Akibaki hadi 62 atakuwa na miaka 32, kiwango kitapanda kuwa asilimia 1.1, na hata mshahara usipoongezeka atapata dola 24,640.

Hesabu hiyo yamwelekeza kubaki, isipokuwa mgongo wake umechoka kwa magunia ya alfajiri, au amekwisha kupata kazi nyingine yenye ujira. Takriban watu 10,000 wa posta walikubali na kutoka kufikia tarehe 30 Aprili 2025.